Shusha Mchanga, Zaituni

Zaituni,

Una akili timamu wewe? Au moshi wa gereji umekupanda kichwani? Nimesikia. Usifikiri sikusikia. Jana ulisimama nyuma ya choo, simu sikioni, unamwambia yule fundi mkuu wa gereji ya Ruangwa kwamba huji tena kwenye kazi yake, eti "Bibi yangu hana mtu." Hana mtu! Mimi, Somoe, ninayejulikana kuanzia sokoni Nachingwea mpaka Nambilanje, leo sina mtu? Anayesemwa hana mtu ni mbuzi aliyepotea. Mimi nimepotea?

Nakuandikia kwa sababu ukiwa mbele yangu utaanza kucheka na kunishika mabega, nami nikishikwa mabega nasahau maneno. Mwandiko wenyewe ni wa elimu ya watu wazima, tulikuwa tunakwenda darasani na watoto mgongoni. Herufi zangu zinatembea upande kama ng'ombe wa jirani yetu Masanja, lakini zinafika. Sasa hivi ni alasiri. Wewe umekwenda kwa fundi wako Bakari kumwambia unabaki. Mwambie tu. Ukirudi utakuta barua hii kwenye usukani wa gari, kesho asubuhi utakwenda kumwambia unaondoka, na atakucheka, na hiyo ndiyo adhabu yako.

Maana kesho unaondoka. Safari ilikuwa kesho na bado ni kesho. Yule mtu wa Ruangwa nimempigia mwenyewe. Mama Kulwa, mke wa Masanja, ndiye aliyenitafutia namba.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mimi bibi yake Zaituni. Anakuja kesho."

"Lakini mama, jana ameniambia..."

"Jana alikuwa na njaa. Anakuja."

Akacheka mpaka akakohoa. Ana sauti ya mtu mwenye kitambi. Mtu mwenye kitambi hapendi kuingia chini ya gari, kwa hiyo kazi utaipata nyingi.

Sitakuandikia mambo ya kula, kufua, kulala mapema na kuogopa wanaume. Hayo nimekuwa nikikuambia tangu mama yako, Asha, alipoolewa tena Tunduru akakuacha kwangu una meno mawili. Kama hayakuingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Nataka nikukumbushe habari za gari. Unajifanya unalijua gari lile kuliko mimi. Unazijua nati zake. Mwenyewe namjua mimi.

Babu yako alilinunua kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Pikapu ya rangi ya maziwa, taa za mviringo, usukani mkubwa kama ungo. Siku aliyolileta nilikaa mbele na kitenge kipya, tukazunguka mji mzima bila kwenda popote. Watu wakauliza, "Bi Somoe, mnakwenda wapi?" Nikawajibu, "Tunapita." Nilikuwa na maringo wewe! Ukiniona ninavyotembea sasa na mgongo huu, huwezi kuamini.

Sasa zile springi za nyuma, vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, zilikuwa za kiasi tu. Gari lilipandwa na padre na vitabu vyake, halikuzoea shida. Ukaja msimu wa korosho. Tukapakia magunia, nyuma likainama. Nani alisema, "Ongeza chuma, Baba Asha"? Mimi. Akachukua jani la springi kwenye lori bovu, akaliongeza. Msimu mwingine, magunia yakazidi, nikasema tena, "Ongeza." Akaongeza. Mimi nilikuwa naangalia magunia tu. Kila msimu tunapandisha, na hakuna msimu hata mmoja tuliofikiria kupunguza. Mwisho zile springi zikawa nene kama kitabu cha dini, na gari likawa gumu kama meza.

Likijaa, safi. Likiwa tupu, lilikuwa linarusha watu kama karanga kwenye kikaango. Unamkumbuka yule mwalimu mgeni wa kutoka Bukoba? Alipanda akiwa anaeleza habari za shule yao ya kwao, gari likakanyaga shimo la pale darajani, akajiuma ulimi. Alifundisha kwa ishara mpaka ulimi ukapona. Watoto wakasema hawajawahi kumwelewa vizuri kama wakati ule.

Ndiyo babu yako akaweka sheria yake ya mchanga. Kama hakuna mzigo, weka mchanga. Ukimwomba lifti, alikuwa hakuulizi unakwenda wapi, anakuuliza, "Umekuja na mchanga?" Watu wa hapa wakazoea. Mtu anakwenda hospitali, anakuja na mgonjwa na gunia la mchanga. Wageni walikuwa wanashangaa, wanadhani kusini huku tunasafirisha mchanga kwa sababu kwingine hakuna.

Na Masanja alipohamia huku na ng'ombe wake, Mama Kulwa akaanza kupeleka maziwa mjini kwa gari letu. Siku ya kwanza alifungua dumu sokoni, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Bibi, nilipakia maziwa."

"Na hayo ni nini?"

"Siagi."

Tukaiuza siagi. Lakini tangu siku hiyo na yeye akawa anakuja na mchanga.

Wewe ulikuwa hupendi. Tangu mdogo ulikuwa unachungulia chini ya lile gari, unatoka na uso mweusi, unaniambia, "Bibi, hili gari linaumwa mgongo kama wewe." Nikakufukuza na ufagio. Nikakupeleka kwa fundi cherehani ukajifunze kazi ya kukaa kitako. Nilijua ninachofanya, au nilidhani najua. Ukaifungua cherehani ya mwenyewe yote, ukaipanga kwenye mkeka, ukairudisha. Ikawa inashona vizuri kuliko zamani, na bado akakurudisha kwangu amekushika sikio. "Bi Somoe, huyu si wangu. Huyu ni wa Bakari." Alijua kabla yangu. Nilikasirika nisile siku ile, si kwa sababu yako, ni kwa sababu mtu baki amekuona mtoto wangu kabla mimi sijakuona.

Basi ukaenda kwa Bakari. Babu yako akafariki, akaniachia gari, na gari likawa lako bila mtu kusema, kama wewe ulivyokuwa wangu bila mtu kusema. Ndiyo maana nikiwa na hasira nakuita mwanangu, na nikiwa na furaha nakuita mke mwenzangu, maana mwanamume mwenye gari tuligawana.

Kisha likaja lile boksi la vyuma ulivyoagiza, kwa basi kutoka Dar. Ukalifungua uani, ukatandika vyuma juu ya mkeka wangu wa kuanikia mpunga. Koili mbili, shokapu mbili, mikono ya chuma ya kushikia ekseli, braketi, bushi za mpira, na bolti zimefungwa kwenye mfuko kama dawa. Nikatazama zile koili. Nikakuuliza, "Ndiyo hizi? Hizi si springi za godoro?" Ukacheka. Nilikuwa sichekeshi.

"Babu yako kahangaika maisha yake yote kukusanya chuma kile, unataka kukalisha gari lake juu ya godoro?"

"Bibi, gari halibebi tena korosho. Linakubeba wewe."

Nikanyamaza. Si kawaida yangu, ukaona umeshinda. Hukushinda. Nilikuwa natafuta jibu na halikuja.

Fundi Bakari akaja na grenda yake, anataka kukata chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, achomelee zile braketi zisiwe na mchezo. Ukamsimamia mbele, umeshika kiuno kama mimi. "Fundi, hakuna kukata. Hivi vinafungwa kwa bolti kwenye matundu yaleyale ya zamani." Akasema kazi bila moto si kazi. Ukasema, "Bibi akivikataa, namrudishia springi za babu jioni hiyohiyo. Nikikata, namrudishia nini?"

Nilikuwa jikoni, nimesikia. Sikutoka. Moshi ulikuwa umeniingia machoni.

Mkaliinua gari kwa jeki, mkalikalisha juu ya magogo ya mkorosho. Zile yu-bolti zinazoshika springi zilikuwa zimeshikana kwa kutu, mkazilowesha dizeli mpaka asubuhi yake zikakubali. Springi za babu yako zilipodondoka, kuku wote walikimbilia kwa jirani. Kufunga mpya kukawa kazi nyingine. Bakari alikaza upande wa kulia mpaka mwisho, wa kushoto ukakataa tundu. Akaomba nyundo. Wewe ukamwambia, "Legeza vyote, fundi." Akang'aka, "Nimeshakaza!" Ukamwambia, "Ndiyo maana." Mkalegeza kila kitu, vyuma vikaning'inia kama nguo kambani, bolti zikaingia moja moja kwa vidole. Ukashusha gari likasimama kwa miguu yake, ndipo ukaingia chini ukakaza. Nikakuuliza kwa nini usikaze likiwa juu, ungemaliza mapema. Ukanijibu kwamba bushi ikikazwa gari likiwa limening'inia, inabaki imejikunja maisha yake yote, inakatika. Lazima kwanza gari likae na uzito wake.

Nililiweka neno hilo. Nalitumia kwa watu, sisemi nimelitoa kwako.

Sasa ile harusi ya Nambilanje. Ulifikiri nitaipita? Nakuandikia ili usije ukasimulia Ruangwa kwa namna yako.

Asubuhi ile ulikwenda kununua mafuta ya breki. Mimi nikalitazama gari lile tupu, nyuma limeinuka na koili zake za godoro, roho ikaniuma. Barabara ya Nambilanje naijua. Nikawaita vijana wa Masanja. "Pakieni magunia ya mchanga." Wakapakia. Nikawaambia, "Na mengine." Nikafunika kwa mikeka, juu ya mikeka wakakaa akina mama wote na vyungu na zawadi. Ukaja, ukawasha, tukaondoka. Ukawa unasikiliza, unakunja uso. Kila shimo, nyuma inagonga, *du!* Wewe unapunguza mwendo, mimi nainua shingo. Nilikuwa na furaha, Zaituni. Nisiseme uongo. Nilikuwa nasubiri unikubalie kwamba babu yako alijua.

Tukafika. Ngoma inalia, watu wamejaa uwanjani, bibi harusi ndani bado anapakwa hina. Gari likasimama mbele ya mlango na nyuma imekaa chini kabisa, tairi inasugua bodi, harufu ya mpira umeungua. Mwanamke mmoja wa Nambilanje, mwenye mdomo kuliko mimi, akapiga kigelegele: "Njooni mwone! Gari la Bi Somoe linataga!"

Watu wakacheka. Masanja, aliyekuja kwa baiskeli yake akafika kabla yetu, akazunguka nyuma, akatikisa kichwa. "Bibi, kwetu ng'ombe akikaa hivi tunachemsha maji, anazaa."

Mimi nikashuka. Nikakugeukia mbele ya watu wote wa harusi. Nikasema nilivyosema. Nilisema koili zako ni za godoro. Nilisema umemtia babu yako aibu kaburini. Nilisema kama ungebaki kwa fundi cherehani leo tungekuwa tumevaa nguo mpya badala ya kuchekwa. Nilikuwa na maneno mengine, bado nayakumbuka, yalikuwa mazuri.

Wewe ulilala chini na gauni lako la kwendea harusini, ukachungulia kulia, ukachungulia kushoto, ukatoka. Ukawashusha akina mama mmoja mmoja kwa heshima. "Samahani mama, shuka. Samahani shangazi." Ukafunua mkeka. Ngoma yenyewe ilinyamaza.

"Bibi. Mchanga huu wa nani?"

Nikatafuta jibu. Hili likaja.

"Wa babu yako."

Wewe mtoto, ulicheka mpaka ukakaa chini. Mwanamke wa mdomo akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Mwisho nikacheka mimi, maana nilibaki peke yangu sicheki na ilikuwa baridi huko. Vijana wakashusha magunia, na kila gunia likishuka, gari linajiinua kidogo, linajiinua kidogo, kama mtu anayeamka kwenye kiti. La mwisho lilipodondoka lilisimama sawa, na watu wakalipigia makofi! Mwenye harusi akaja mbio, tukadhani anakuja kugomba. "Mchanga huo mnauuza? Pale mlangoni pana tope, bibi harusi atapitaje?" Ukamwagwa mchanga wa babu yako mlangoni, bibi harusi akatoka akiukanyaga kwa viatu vyeupe, havikuchafuka. Sijui wangapi wamepata harusi nzuri kama ile.

Wakati wa kurudi nililala. Ndani ya gari lile! Niliegemeza kichwa kwenye mlango nikalala, na pale kwenye shimo la mwalimu wa Bukoba sikuamka. Unasema nilikoroma. Sikukoroma. Mama Kulwa anasema nilikoroma, basi labda kidogo. Na dumu lake la maziwa, siku ya pili yake, lilifika sokoni likiwa maziwa. Aliudhika. Alikuwa ameshapata wateja wa siagi.

Lakini sikukuomba radhi kwa yale ya uwanjani. Leo ndiyo naomba, hapa, na usije ukanikumbusha mbele ya watu.

Sasa nikwambie habari moja hukuwahi kuisikia, na usimwambie Mama Kulwa, anacheka vibaya.

Nilipokuwa mke kijana, dada yangu aliniita Ruangwa. Alikuwa na kibanda cha chakula, yeye apike, mimi niuze. Mdomo huu ndiyo ulikuwa mtaji wangu. Babu yako alikubali kuhamia, hata alifurahi. Nilifunga nguo zangu. Kisha nikamwangalia mama mkwe wangu, mama yake babu yako, anafagia uwanja polepole, nikajisemea, mzee huyu nikimwacha atakufa. Nikafungua nguo. Nikabaki. Nikajiona mtu mwema sana, nikawa natembea na wema wangu kila mahali, nauonyesha watu.

Msimu uleule mama mkwe akaenda Mtua kwa dada yake kusalimia. Hakurudi mpaka mvua. Tukasikia habari zake tu, anacheza ngoma, amenenepa, amenunua viatu. Mimi nipo nyumbani nalisha kuku wake. Alipokuja nikamwambia kwa uchungu, "Mama, mimi niliacha Ruangwa nikulinde." Akaniangalia kama vile nimezungumza lugha ya ng'ambo.

"Nani alikuambia nataka kulindwa? Uliniuliza?"

Sikumwuliza, Zaituni. Na wewe hukuniuliza. Ulisimama nyuma ya choo ukapanga maisha yangu na mtu wa Ruangwa.

Basi niulize. Nitakujibu. Mama Kulwa atanichotea maji kwa sababu namfundisha kusoma, na ananiletea maziwa kwa sababu namtetea sokoni. Vijana wa Masanja wanalala ng'ambo ya mpingo tu, nikikohoa wanakuja. Jumapili mwanamke wa mdomo wa Nambilanje atakuja, tumekuwa marafiki, tunagombana vizuri sana. Nitakukumbuka. Nitakaa mlangoni jioni nikisikia injini yoyote nitainuka, hilo siwezi kukuficha. Lakini kukumbuka mtu si ugonjwa. Sitakufa kwa hilo. Nimefanya mazoezi kwa babu yako.

Mimi si gunia la mchanga, mke mwenzangu. Usinipakie ili utulie. Gari lako halihitaji.

Na gari utakwenda nalo. Nisikie tena umeliacha uani kwangu "kwa dharura"! Mimi siendeshi, kuku watalilalia. Huko Ruangwa kumejaa pikapu za zamani zinazovunja watu migongo. Simamisha hili mbele ya gereji, apande mtu mmoja mwenye kitambi, mzungushe. Huhitaji kusema neno.

Usizitafute springi za babu yako pale nyuma ya ghala ulipozificha na turubai. Wiki ile uliyokwenda Masasi nilizipeleka kwa mhunzi wa Mtua. Alizigonga kwa kidole, akasikiliza, akasema chuma kama hiki hakitengenezwi tena. Amenitolea jembe, hilo langu. Amekutolea panga na kisu cha jikoni, vipo chini ya kiti cha dereva, vimefungwa kwenye kile kitenge nilichovaa siku gari lilipokuja. Kwa hiyo ile ahadi yako ya kunirudishia springi za zamani jioni hiyohiyo imekwisha. Hazipo. Nimezikubali zako.

Sasa acha kulia juu ya usukani, utaulowesha. Ingia ndani, wali uko kwenye sufuria ndogo, ule wote. Asubuhi ufunge nguo zako, upite kwa Bakari uchekwe, uondoke kabla jua halijawa kali. Nyuma usiweke chochote zaidi ya sanduku lako.

Na ukifika Ruangwa, kabla hujasalimia mtu, hata huyo mwenye kitambi, ulale chini ya gari ukaze nati zote upya, kulia na kushoto, kwa mkono wako mwenyewe. Ukimaliza, ujipanguse, ndipo unipigie.